Wanaopiga Chenga Kitabu: Kisa cha Darasa Moja la Vijana Wasiopenda Kusoma

Mwalimu wa lugha katika shule moja ya sekondari aliniomba nikae nyuma ya darasa lake, nitazame, kisha nimwambie ninachokiona. Darasa lenyewe ni la vijana wa miaka 14 na 15, zaidi ya 40, wachangamfu na wenye midomo. Wakianza kubishana jambo nje ya darasa utadhani umeingia mahakamani. Kitabu kikitoka mkobani, uchangamfu wote unakatika. "Hawa si kwamba hawajui kusoma," aliniambia. "Ni uvivu tu. Simu zimewaharibu." Maneno hayo nimeyasikia katika vyumba vingi vya walimu, na kila nikiyasikia hutamani tuulizane kwanza: ni nani hasa kati yao hasomi, na wakati hasomi anafanya nini?

Maana kutosoma, ukikutazama vizuri, ni kazi.

Kipindi nilichokitazama kilikuwa cha riwaya teule, kwa utaratibu ule tunaoujua sote. Mwanafunzi anasimama, anasoma aya moja, anaketi, wa pembeni yake anapokea. Mwalimu yuko mbele, anasahihisha matamshi, na kila baada ya kurasa chache anatupa swali la ufahamu. Mimi nilimkodolea macho kijana mmoja wa safu ya tatu. Msomaji wa kwanza alipoanza tu, kijana aliinua kichwa akahesabu watu waliokuwa mbele yake, kisha akashusha kidole ukurasani akihesabu aya. Alipoifikia aya yake akaitia alama kwa ukucha, na kuanzia hapo midomo ikawa inachezacheza. Alikuwa anajifua. Palikuwa na kitenzi kimoja kirefu kilichomshinda. Akakirudia, akamgusa jirani yake, jirani akamnong'oneza, akakirudia tena. Halafu msichana mmoja wa mbele akapitiwa, akasoma aya mbili badala ya moja. Hesabu yote ikavurugika. Kidole kilishuka mbio kwenye aya mpya, na uso ukabadilika. Zamu yake ilipofika alisema kitabu chake kimekatika ukurasa. Hakikuwa kimekatika.

Mwalimu alimwambia aketi, akaandika kitu daftarini. Baadaye alinieleza kuwa yule ni miongoni mwa wavivu wakubwa.

Kwa hesabu yangu, hakuna aliyefanya kazi kumzidi katika kipindi kile. Alisoma aya moja mara nyingi kuliko mwenzake yeyote alivyosoma yake. Ila hadithi hakuisikia hata sentensi moja, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanafuatilia zamu. Na hakuwa peke yake. Palikuwa na mchekeshaji wa darasa, ambaye zamu ilipomfikia alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira hadi darasa likaangua kicheko na mwalimu akamkatiza baada ya mistari miwili. Mistari miwili ndiyo tu aliyoisoma. Palikuwa na binti aliyeomba ruhusa ya kwenda nje watu wawili kabla ya zamu yake, na kwa walivyomzoea wenzake, hakuna aliyegeuka kumtazama.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Darasani anayeufichua anachekwa, na kijana wa miaka 14 analijua hilo kuliko sisi. Martin Covington, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliandika na mwenzake Carol Omelich mwaka 1979 kwamba juhudi kwa mwanafunzi ni upanga ukatao kuwili. Ukijitahidi ukafaulu, vizuri. Ukijitahidi ukashindwa mbele ya watu, umewapa ushahidi kwamba huna akili. Usipojitahidi kabisa, unaitwa mvivu, na mvivu ni jina ambalo kijana anaweza kulivaa akatembea nalo kifua mbele. Mjinga, hapana. Kwa hiyo kati ya majina mawili anachagua lile lisilouma, na sisi tunaingia chumba cha walimu tukilirudia kama tulivyouziwa.

Huo ndio msimamo wangu katika kisa hiki chote, na ndio kipimo nilichotumia kwa kila mbinu iliyojaribiwa. Kabla ya kuuliza mbinu fulani inavutia kiasi gani, niliuliza inamgharimu nini kijana asiyejiamini pindi anapoonekana akisoma. Mbinu nyingi zinazosifiwa huongeza utamu upande mmoja na aibu upande wa pili, na aibu ndiyo inayoshinda.

Tuchukue zile ambazo mwalimu alikwisha kuzijaribu kabla sijafika. Kubwa ilikuwa chati ya nyota ukutani: majina ya darasa zima, kila kitabu nyota moja, na mwisho wa muhula zawadi kwa washindi. Wiki za mwanzo palikuwa na moto. Kisha wasomaji wanne watano wakatangulia, mistari yao ikajaa, na waliobaki wakawa kila asubuhi wanaingia darasani kukutana na tangazo la uchache wao. Wengine waliamua kucheza mchezo kama ulivyo: wakachagua vitabu vyembamba vya watoto wadogo, wakanakili maelezo ya jalada la nyuma kama muhtasari, wakapewa nyota. Siwalaumu. Waliambiwa kinachohesabiwa ni nyota.

Hapa walimu hupenda kutaja jaribio la wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett la 1973, na ni vizuri litajwe kwa usahihi. Watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Baadaye, walipoachwa wajichagulie mchezo, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Lakini wale walikuwa watoto wadogo, na tayari walipenda kuchora. Jaribio halisemi zawadi humharibu kijana ambaye hana hamu ya kuharibiwa. Kosa la chati ile naliona penginepo: ilikuwa ukutani, ina majina, na ilipima wingi. Zawadi ya siri, ya kitabu kingine kinachofanana na alichokipenda, nisingeigombania.

Mbinu ya pili ilikuwa karatasi ya kutiwa saini nyumbani kila jioni. Sitaki kuipotezea maneno. Ilipima nani ana mtu mzima mwenye nafasi nyumbani.

Kabla ya kubadilisha lolote tulihitaji kujua tunashughulika na nani. Tuliwaita mmoja mmoja kwenye meza iliyo nje ya mlango, kwa kisingizio cha ukweli kwamba tunapanga vitabu vya kununua na tunataka maoni yao. Kila mmoja alisoma kifungu kifupi ambacho hakuwahi kukiona, kwa sauti ya chini, sisi wawili tu, kisha tukazungumza kuhusu alichokisoma. Halafu mimi nikamsomea kifungu kingine cha ugumu uleule, tukazungumza tena. Faida ya kufanya yote mawili inatokana na hoja ya watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer ya 1986: kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili, kuyatamka maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Ni zao la kuzidisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa vipi. Ukimsikia anasoma tu, hujui ni upande gani unaovuja.

Kijana wa safu ya tatu alisoma kifungu chake kwa shida, akikwama kwenye kila kitenzi kirefu, na alipomaliza hakukumbuka mwanzo ulisema nini. Nilipomsomea cha pili alisikiliza ameinamisha kichwa. Kilikuwa kuhusu mzee anayemficha mwanawe habari za deni. Nikamuuliza anamwonaje mzee. "Anamdanganya mwanawe, lakini mwalimu, anajidanganya mwenyewe zaidi, maana deni si la pesa tu." Kisha akaanza kunieleza anavyodhani hadithi itaendelea, na nikalazimika kumkatiza kwa sababu mwingine alikuwa anasubiri. Huyo ndiye mvivu mkubwa.

Walipomalizika wote tulikuwa na makundi matatu, wala hayakulingana kwa ukubwa. La kwanza ni la akina yule kijana: masikio mazuri, akili kali, lakini maandishi yanawachosha kabla hayajawapa raha. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani mwalimu. La pili lilimshangaza zaidi, kwa sababu aliwahesabu miongoni mwa wazuri: wasomaji wa sauti tamu, wasiokwama popote, ambao ukiwauliza kilichotokea wanakutazama tu. Binti mmoja alisoma kurasa mbili kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikamuuliza kwa nini yule mhusika amerudi nyumbani. Hakujua kama aliwahi kuondoka. La tatu, kubwa kuliko yote, ni wanaoweza na wanaoelewa, na hawataki. Hao ndio wanaofanana na picha tuliyo nayo vichwani, na si wa darasa hili pekee: katika PISA ya 2018, upimaji wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, karibu nusu ya waliohojiwa katika nchi za OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, walisema husoma pale tu wanapolazimika.

Kuyatia makundi haya kapu moja ndiko kulikofanya kila mbinu ionekane imefeli. Mbinu ya kundi la tatu ukiipeleka kwa la kwanza ni kumwambia mtu mwenye mguu uliovunjika kwamba mandhari ya mlimani ni nzuri.

Na kuna jambo nililolikuta chini ya madawati, kihalisi. Daftari la kurasa nyingi, jalada limefunikwa kwa gazeti, lililokuwa likipita mkono kwa mkono upande wa wasichana. Ndani mlikuwa na hadithi ndefu ya mapenzi na visasi, iliyoandikwa kwa kalamu za rangi tofauti na mwanafunzi mmoja wa darasa hilohilo, sura kwa sura, na pembeni wasomaji wameandika maoni yao: huyu afe, huyu asimsamehe, mbona umechelewesha sura ya saba. Darasa lisilosoma lilikuwa na mwandishi, wasomaji, wahakiki na foleni ya kusubiri. Edward Deci na Richard Ryan, waliojenga nadharia ya msukumo unaotoka ndani ya mtu, wanataja mahitaji matatu: mtu ajione anaweza, awe na kauli katika anachokifanya, na ajihisi yu pamoja na wengine. Daftari lile lilitimiza yote matatu bila mwalimu yeyote kulipangia somo.

Mwalimu alitaka kulileta darasani liwe mfano. Nilimwomba asiliguse. Likipewa alama litakufa wiki ileile. Alichokubali kufanya ni kumpa mwandishi wake, faraghani, riwaya moja inayosimuliwa kwa zamu na wahusika wawili, akamwambia nadhani utaona mwenzako alivyofanya. Binti alikirudisha kitabu baada ya siku chache, na sura iliyofuata ya daftari, naambiwa, ilisimuliwa na mhusika mwingine.

Badiliko la kwanza lilikuwa kusimamisha usomaji wa zamu usio na maandalizi. Tulibishana. Mwalimu aliuliza atajuaje kama wanafuatilia, na matamshi watajifunzia wapi. Maswali ya haki. Jibu langu lilikuwa igizo la kusoma: chukua sura yenye mazungumzo mengi, igawe kwa watu watano au sita, msimulizi akiwa mmoja wao, wape kifungu siku mbili kabla, kisha wasimame mbele na karatasi mikononi wasome kama wanaigiza redioni. Hakuna kukariri wala mavazi. Mtafiti wa usomaji Jay Samuels alionyesha mwaka 1979 kwamba kusoma kifungu kilekile mara kadhaa humwongezea msomaji dhaifu kasi na wepesi, na wepesi huo humfuata hata kwenye kifungu kipya. Tatizo la kurudiarudia ni kwamba kijana haoni sababu ya kufanya hivyo. Igizo linampa sababu, tena ya heshima, kwa kuwa hata msomaji hodari hurudia ili asiharibu sauti ya mhusika.

Tazama lilivyomgeuzia mambo kijana wa safu ya tatu. Kujifua alikokuwa akikufanya kwa siri, kwa ukucha na minong'ono, sasa ndiyo kazi aliyopewa. Alipewa nafasi ya mzee mkali. Mwalimu aligawa nafasi mwenyewe, na hili nalisisitiza, kwa sababu ukiwaachia wanafunzi, dhaifu hupewa mhusika anayesema "Hodi" na "Asante" basi. Siku ya kusoma alikwama mahali pamoja. Akanyamaza, akakitazama kitenzi, akakitoa. Wenzake walidhani mzee anapumua kwa hasira.

Kuhusu vitenzi hivyo virefu, uchangamfu wa igizo hautoshi. Kundi la kwanza lilihitaji kufundishwa, kwa dakika chache kila siku, kukikata kitenzi vipande vinavyojirudia: hawa-ku-tu-subiri, wa-ta-ka-po-rudi. Anayeviona vipande hasomi tena herufi 12 au 14 kwa mkupuo. Mtu akikuambia hamasa inatosha kwa kijana asiyeyamudu maandishi, anakwepa kazi ya kufundisha. Wawili kati yao tuliwashauri wazazi wawapeleke wakapimwe macho, jambo ambalo lingepaswa kufanyika miaka mingi kabla.

Badiliko la pili lilikuwa la kundi la tatu: mwalimu kuwasomea. Kila mwanzo wa wiki, dakika 5 au 6, kurasa za kwanza za kitabu kimoja, na kukatisha pale pale mambo yanapochacha. Kitabu kinabaki mezani. Masharti ni mawili. Kitabu hicho kiwe kipo kweli na mtu aweze kuondoka nacho, maana kumwonjesha mtu na kumnyima ni ukatili. La pili, mwalimu awe amekisoma kwa sauti nyumbani kabla. Samahani kwa kulisema, lakini wengi wetu tunasoma mbele ya darasa kama tunaosoma matangazo ya mkutano, kisha tunashangaa hakuna aliyevutiwa.

Ile chati ya nyota ikashushwa, pakabandikwa karatasi yenye majina ya vitabu tu, na chini ya kila kitabu nafasi ya kuandika jina la anayekisubiri. Nakala ilikuwa moja moja, kwa sababu hakukuwa na uwezo wa zaidi, na upungufu huo ukawa neema: kitabu chenye watu sita kwenye foleni kinajinadi chenyewe. Jina la kijana lilionekana ukutani kama mtu anayetaka kitu. Zamani lilionekana kama mtu aliyepungukiwa.

La tatu, uhuru wa kuacha. Daniel Pennac, mwandishi wa Kifaransa aliyekuwa pia mwalimu, alichapisha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Miongoni mwazo ni kutosoma, kuruka kurasa na kutokimaliza kitabu. Kwetu ikawa kanuni: jaribu kurasa 20, kisha una ruhusa ya kukirudisha bila kujieleza. Mwalimu alihofia watarudisha vyote. Na kwa kweli yupo mmoja aliyerudisha kila alichopewa, wiki baada ya wiki, kwa adabu kabisa, na nitamrudia. Wengine waliacha kimoja au viwili, wakatulia. Mtu aliyeruhusiwa kutoka hukaa kwa raha zaidi.

Tulipanua pia maana ya kitabu. Hadithi fupi za kurasa mbili tatu, maisha ya wanamichezo, vitabu vya katuni, maelezo ya jinsi vyombo vinavyofanya kazi, visa vya upelelezi. Mwalimu mwenzake alinong'ona kwamba sasa watasoma katuni tu. Huenda. Kijana ambaye hajawahi kufika ukurasa wa mwisho wa chochote anahitaji kufika mahali, na katuni ina ukurasa wa mwisho kama riwaya. Mtafiti wa usomaji Keith Stanovich aliielezea hatari yenyewe mwaka 1986 kwa kuazima Injili ya Mathayo: mwenye nacho huongezewa. Anayesoma sana hupata msamiati, msamiati humrahisishia kusoma, akasoma zaidi. Asiyesoma anaachwa nyuma kila mwaka kwa hatua ndefu zaidi. Kufikia umri huu pengo limekwisha kuwa pana, na sioni faida ya kuwa mchaguzi kuhusu daraja la kwanza la kurudia.

Dakika za kusoma kimya ziliwekwa mwanzo wa kipindi, 10 hadi 15, kwa wote. Hapo awali zilikuwa mwisho, kwa "waliomaliza kazi", na unajua ni akina nani humaliza kazi mapema: walewale wasiohitaji dakika hizo. Lakini kimya peke yake si dawa. Jopo la taifa la usomaji la Marekani lilipopitia tafiti mwaka 2000 halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwaacha wanafunzi wasome kimya, bila msaada wowote, huwaongezea uwezo. Hilo halimshangazi aliyewahi kumtazama kijana "akisoma" kimya: ama ukurasa haufunguki kabisa, ama zinafunguka zote kwa muda sawasawa kama saa ya ukutani. Kuna ushauri maarufu kwamba mwalimu naye aketi na kitabu chake awe mfano. Siupingi kwa darasa lililoiva. Kwa darasa hili nilimwomba mwalimu achuchumae kando ya dawati moja baada ya jingine, aulize kwa sauti ya chini: umefika wapi, nisomee hapo kidogo, nani anakuudhi humu? Dakika 2, anahama.

Kwa kundi la pili, wale wasomaji wa sauti tamu, yaliyosaidia ni maswali. Maswali ya ufahamu ya vitabuni huwa na jibu lililojificha kwenye mstari fulani, na hawa ni mafundi wa kuuwinda mstari. Mwalimu aliazima maswali ya Aidan Chambers, mwandishi wa vitabu vya watoto na vijana wa Uingereza: nini umekipenda, nini hukukipenda, nini kimekutatiza, na je, kuna kinachojirudia au kinachofanana na kingine? La tatu ndilo lenye nguvu, kwa sababu linaifanya hali ya kutoelewa iwe mchango. Mwanzoni binti yule wa sauti ya mtangazaji alijibu kila mara kwamba hakuna kilichomtatiza. Mwalimu akaanza kutatizika yeye kwanza, mbele ya darasa, kwa kweli na si kwa kuigiza: hapa mimi sielewi kwa nini mama hakufungua barua. Mchekeshaji akajibu, mwingine akampinga, na binti akasema polepole, kumbe kulikuwa na barua? Hakuna aliyecheka, kwani mwalimu naye alikuwa amepotea palepale.

Matokeo hayakuwa sawa kwa wote. Kundi la tatu lilihama kwa urahisi zaidi. Foleni ya karatasi ilichangia kuliko hotuba zote. Kijana wa safu ya tatu alimaliza kitabu cha visa vya upelelezi kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa huku akifuata maandishi kwa kidole, kisha akaomba kingine cha aina hiyohiyo, na bado anasoma taratibu. Mchekeshaji amekuwa nyota wa igizo la kusoma, ila peke yake hasomi. Anahitaji hadhira, na sijaona dawa yake. Kundi la pili linasogea pole pole mno, na ndilo rahisi kusahaulika kwa sababu halisumbui mtu.

Na yule aliyerudisha kila kitabu? Mwalimu aligundua kwamba anasoma sana, ila kwenye simu: takwimu za wachezaji, mabishano marefu, uchambuzi wa mechi. Aliulizwa kwa nini hakusema. "Mwalimu, ile si kusoma." Tulikubaliana, kwa ridhaa yake, kwamba dakika 10 za kimya alete uchambuzi uliochapishwa kwenye karatasi, mrefu kuliko aliouzoea, na siku ya tatu aeleze kwa mdomo kama mwandishi amejenga hoja au amepiga kelele. Riwaya bado hajaigusa. Mwalimu anaona huo ni ushindi nusu. Mimi naona ni kijana anayesoma hoja za kurasa nne, na nusu hiyo naichukua.

Limebaki suala la riwaya teule, kwa sababu mtihani haujali foleni yetu ukutani. Uamuzi ulikuwa kugawanya mzigo: sura ngumu za mwanzo anazisoma mwalimu kwa sauti, sura za mazungumzo zinakwenda kwenye igizo, za masimulizi marefu zinasomwa wawili wawili, aliye hodari na aliye dhaifu, na hodari ndiye anayeanza kila ukurasa ili mwenzake ausikie mwendo. Usomaji wa zamu haukurudi.

Muhula ujao darasa litapokewa na mwalimu mwingine, ambaye amesema wazi kwamba yeye huwaita wanafunzi wasome ghafla ili wasilale. Tumemwandikia karatasi moja. Ina majina ya kundi la kwanza na la pili, vitabu ambavyo kila mmoja wao amevimaliza, na ombi moja: akitaka kumsikia yeyote kati yao akisoma mbele ya darasa, ampe kifungu jana yake.